Mti wa Krismasi wa plastiki wa futi 6: unaifaa familia inayoupamba pamoja kila mwaka?

Kuanzia katikati ya Novemba, maduka ya mapambo ya Kariakoo husimamisha miti ya Krismasi mlangoni ikiwa imevishwa kila kitu: taa, mipira, riboni, nyota. Usinunue kwa kuutazama huo wa mlangoni. Umefichwa na mapambo yake, na mapambo yale hupewi; unachopewa ni boksi lililofungwa kwa selotepu. Omba boksi lifunguliwe hapohapo dukani. Muuzaji atanung'unika kidogo, kisha atafungua.

Tunaoupima hapa ni mti wa kawaida kabisa: wa kijani, wa plastiki, futi 6 au sentimita 180, unakuja kwa vipande vitatu pamoja na stendi, na boksi lake halina jina la kampuni la kukumbukwa. Tunaupima kwa matumizi ya familia. Mti wa ofisini huunganishwa na fundi mmoja na hauguswi tena mpaka Januari. Wa nyumbani hutolewa kwenye mfuko kila Desemba na mtu aliyesahau mwaka jana aliuunganishaje, unavutwa na watoto, unapepewa na pangaboi mwezi mzima, kisha unakunjwa na mtu aliyechoka na sikukuu. Kwa hiyo tunaangalia viungo vyake, miguu yake na jinsi unavyofungika. Kung'aa ni kazi ya taa.

Jibu la haraka kwa mwenye haraka: ndiyo, unafaa, ukiwa na matawi ya bawaba, stendi ya chuma na ncha zisizopungua 600. Ukikosa viwili kati ya hivyo, chukua mdogo zaidi ulio imara kwa fedha hiyohiyo. Futi 5 inayosimama ni bora kuliko futi 6 inayoegemezwa ukutani.

Ncha ni vile vitawi vidogo vya mwishoni, na idadi yake huandikwa kwenye boksi karibu na kimo. Mti wa futi 6 wa bei ya chini huwa na ncha 300 hadi 400, na ukiwa mita mbili mbali nao unaliona bomba la katikati kuanzia chini hadi juu, hata uupambe vipi. Kwenye 600 hadi 800 bomba linapotea. Ukiwa na maduka matatu ya kulinganisha, gawanya bei kwa idadi ya ncha; mara nyingi mti unaoonekana ghali ndio wenye ncha ya bei nafuu. Uzito nao unasema kitu. Ule mwepesi una kilo mbili au tatu na unabebeka kwa mkono mmoja kama mto wa kulalia, wakati mti wenye chuma cha maana ndani hufika kilo sita na kuendelea.

Kimo kilichoandikwa hupimwa kuanzia chini ya stendi hadi mwisho wa kijiti cha juu kikiwa kimenyooshwa. Nyota haimo humo, kwa hiyo ongeza sentimita 20. Kipenyo cha chini huwa karibu sentimita 90 hadi 100, na hapo ndipo wengi wanapokosea: wanapima kutoka sakafuni hadi darini na kusahau kupima upana. Sebule yenye seti ya makochi, meza ya kati na kabati la televisheni mara nyingi haina duara tupu la mita moja. Chukua kamba ya sentimita 50, mtu mmoja aishike katikati ya mahali unapopataka, mwingine aizungushe sakafuni. Ikigusa kochi, nunua futi 5. Tazama na juu: mti usiwe chini ya pangaboi wala ubavuni mwake. Hata mapanga yasipofikia nyota, upepo wake unazungusha mipira usiku kucha mpaka nyuzi zinakatika.

Sasa matawi. Kuna aina mbili. Ya kulabu huja yamelegea ndani ya boksi, moja moja, kila moja na kulabu unayoipachika kwenye tundu la bomba. Ili ujue lipi ni la chini na lipi la juu, kulabu zimepakwa rangi au zina herufi. Rangi hiyo hubanduka baada ya misimu michache, na ndipo unapoukuta mti wenye matawi mafupi tumboni na marefu kifuani. Kama tayari unao wa hivyo, zipake kulabu rangi ya kucha leo, kabla hujasahau: nyekundu kwa ya chini, nyeupe kwa ya kati, na za juu ziache tupu. Aina ya pili ni ya bawaba. Hapa matawi hayatoki kwenye bomba. Yanakunjwa kwenda juu kama mwavuli na kufunguka yenyewe ukilishika bomba wima. Kuunganisha ni dakika kumi badala ya saa nzima, na hakuna kinachopotea. Kwa familia, bawaba. Hili hatuoni kama lina mjadala.

Bawaba zina adui mmoja pwani, nao ni chumvi ya hewani. Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, vyuma vidogo vya bei rahisi hushika kutu hata ndani ya kabati. Tone la mafuta ya cherehani kwenye kila bawaba kabla ya kuhifadhi linatosha. Likizidi litachuruzika na kuchafua majani.

Stendi ndiyo inayoua miti mingi kuliko kitu kingine. Ile ya plastiki ni vipande viwili vinavyopishana kama msalaba, na katikati kuna tundu la bomba. Nguvu yote ya mtoto anayeninginia kwenye tawi huishia kwenye tundu hilo, nalo hupasuka kwa ufa mwembamba ambao huuoni mpaka mti umeanza kuinama. Ya chuma ina miguu mitatu au minne na bolti za kukaza kwa vidole. Miguu ikifunguka iwe na upana wa nusu mita au zaidi. Chini ya hapo, mti wa futi 6 unaangushwa hata na paka. Uijaribu dukani: chomeka bomba la chini, kaza, kisha lisukume upande kwa kidole. Likicheza, litacheza zaidi likiwa na mita moja na nusu juu yake.

Kama stendi imeshapasuka, usitupe mti. Tafuta ndoo ya lita 10, simamisha bomba la chini katikati, jaza kokoto hadi nusu, kisha mchanga mkavu hadi juu ukiugongagonga ushuke. Ifunike kwa kitenge. Itazidi kilo 15 na haitakwenda popote. Zege hatulipendekezi, kwa sababu Januari bomba halitoki.

Kipimo cha mwisho dukani ni majani. Pitisha kiganja kwenye tawi mara tano, kutoka kwenye bomba kuja nje, ukikandamiza kidogo. Majani mawili matatu kudondoka ni kawaida kwa mti mpya. Yakijaa kiganjani, waya uliosokota majani hayo haukubana, na kila mwaka sakafu yako itakuwa ya kijani. Miti iliyopuliziwa theluji nyeupe tunaiacha kabisa. Kwa unyevu wa Desemba, ile theluji huhamia kwenye vidole vya watoto na kutoka hapo kwenye makochi. Tunaiacha pia miti yenye taa zilizofungwa kiwandani, maana taa huchoka kabla ya mti, na kuzichomoa kutoka kwenye matawi ni kazi ya siku mbili na plaizi.

Watu wa Moshi, Lushoto, Limuru na Nairobi watauliza kwa nini plastiki wakati saipresi zipo. Swali halali. Saipresi inayokatwa kwa Krismasi ni mgeni kutoka Meksiko na Amerika ya Kati aliyeletwa kwa ajili ya mbao, na ana harufu ambayo hakuna kiwanda kinachoiweza. Lakini matawi yake ni laini: mpira wa sentimita 8 unalilaza tawi. Ukiamua kuuchukua, kata tena kipande cha sentimita mbili au tatu kwenye shina ukifika nyumbani, kwa sababu utomvu huziba jeraha la kwanza, na uuweke kwenye ndoo ya kokoto na maji papo hapo. Utakunywa sana siku ya kwanza. Ongeza maji kila asubuhi. Usiununue mapema: ukikatwa mwanzoni mwa Desemba, mpaka Mwaka Mpya ni kuni, na kuni zenye taa za umeme ndani yake hazitakiwi sebuleni. Mvinje wa pwani unafaa kwa tawi la kupamba mlango tu. (Na ukiwa Dar, usimwambie kijana wa bustani akuletee “mkrismasi”. Anaweza kukuletea tawi la ule mti wa maua mekundu unaochanua Desemba, ambao kwao ni Madagaska, na atakuwa amekuelewa vizuri kabisa.)

Tuje kwenye taa, kwa maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Zinazouzwa zaidi ni uzi wa LED wa taa 100, mita 10, wenye kiboksi kidogo na kitufe cha mitindo minane ya kumetameta. Hesabu inayozunguka mitandaoni ya taa 100 kwa kila futi moja ya mti ni ya Marekani. Kwetu, futi 6 inapendeza kwa taa 300, yaani nyuzi tatu. Zigawe hivi. Chini, mti una kipenyo cha karibu mita moja, kwa hiyo duara moja linakula mita tatu na uzi mzima unatoa mizunguko mitatu tu. Nyuzi mbili ziende huko chini. Uzi wa tatu unatosha katikati na juu, kwa sababu mizunguko inafupika kadiri unavyopanda. Anayeanza juu na kushuka hujikuta na kilele kinachowaka kama duka la simu na miguu iliyo gizani.

Usizungushe taa kwenye ncha za nje peke yake. Ingiza waya mpaka karibu na bomba, utoe hadi nje ya tawi, ingiza tena. Taa za ndani ndizo zinazoupa mti kina. Na usiruhusu uzi mmoja uvuke kutoka kipande cha chini cha mti kwenda cha kati kama unaweza kuuzuia. Januari utashukuru, kwani utavitenganisha vipande bila kufungua taa zote.

Plagi ya taa hizi mara nyingi ina pini mbili, wakati soketi zetu, Tanzania na Kenya, ni za matundu matatu ya mraba. Kila nyumba inajua ule ujanja wa kuchokoa tundu la juu kwa peni au kijiti ili yale mawili ya chini yafunguke. Tundu la juu ni la ethi, na pini yake ndiyo inayofungua vizuizi vilivyowekwa makusudi kulinda vidole vya watoto. Ukichokoa, umeviondoa vizuizi hivyo siku hiyohiyo ambayo watoto wamejaa miguuni pa mti, na plagi yenyewe inakaa imelegea, ikitoa cheche ndogo na kuyeyusha plastiki pembeni. Nunua adapta yenye fyuzi. Ni kitu kidogo kuliko pakiti ya mipira.

Pima taa dukani zikiwa zimekunjuliwa, maana zikiwa zimeviringishwa huwezi kuona sehemu iliyokufa. Bonyeza kitufe mara nane. Ziache ziwake dakika kumi huku mkipatana bei, kisha shika kiboksi: uvuguvugu ni sawa, joto la kukufanya uondoe mkono si sawa. Robo ya uzi ikizima huku nyingine zikiwaka, ujue taa zimeungwa kwa makundi, na katika kundi moja umeme hupita taa moja kwenda nyingine; mguu wa taa moja ukikatika, wenzake wote wa kundi lile wanalala. Chanzo karibu kila mara ni kuvuta. Mtu ameshika taa badala ya kushika waya. Ukiona mahali waya umechubuka mpaka shaba inaonekana, uzi huo uishie hapo. Selotepu haifai.

Kuhusu LUKU, hofu ni kubwa kuliko gharama. Nyuzi tatu za LED hazifiki wati 20. Zikiwaka saa tano kila usiku kwa siku 30, ni kama uniti 3. Zile za zamani zenye balbu za kupata moto zilikula karibu wati 40 kwa kila taa 100, kwa hiyo hesabu ileile ilifika uniti 18, tena zilikausha majani. Kama bado unazo, ziache zipumzike. Umeme ukikatika na kurudi, viboksi vingi husahau mtindo uliouchagua na kurudi kwenye ule wa kwanza unaochanganya yote. Hiyo si hitilafu. Kwa mtaa unaokatikiwa sana, uzi mmoja wa taa za waya wa shaba zinazotumia USB utawaka kwa pawabenki na kuuokoa usiku wa mkesha. Waya wake ni mwembamba na hujikunja fundo, kwa hiyo uuzungushe kwenye kipande cha kadibodi kila unapoutoa.

Kazi ya pamoja inaharibika pale familia inapoanza na boksi lililofungwa saa kumi na mbili jioni, watoto wakiwa wameshachoka kusubiri. Gawanya siku mbili. Usiku wa kwanza ni wa watu wazima au vijana wakubwa: kuunganisha, kunyoosha, kuweka taa. Kunyoosha ndiko kunakorukwa na wengi, na kuruka huko ndiko kunakofanya mti wa ncha 600 uonekane wa 300. Anza chini kabisa, anzia kwenye bomba kuja nje, ncha moja iende kushoto, ya pili kulia, ya tatu juu, na ile ya mwisho inyooke mbele. Vaa glavu au soksi mikononi, kwa kuwa waya wa ndani hukwaruza. Tenga dakika 45. Wawili wanaokaa pande mbili humaliza kwa nusu ya muda, mradi wasimame mara kwa mara waangalie upande wa mwenzao.

Siku ya pili ndiyo ya watu wote. Wengine huifanya Jumapili ya kwanza ya Majilio, wengine jioni ya tarehe 24. Mti wa plastiki haujali. Mpangilio una sababu zake. Taa zimeshakuwamo, kwa sababu ukiziweka baada ya mipira utaiangusha. Inafuata tinseli, zile kamba za nyuzi zinazomeremeta. Huuzwa zaidi kwa mita mbili, na futi 6 inataka karibu mita 16, yaani kamba nane. Ziache zining'inie kwa mikunjo kati ya tawi na tawi. Zikibanwa sana mti unaonekana kama mguu uliofungwa bendeji. Kisha mipira: 12 ya sentimita 8 iingizwe ndani karibu na bomba sehemu ya chini, 30 ya sentimita 6 katikati ya matawi, 18 ya sentimita 4 kuelekea juu. Jumla 60. Yote iwe ya plastiki. Ya kioo ni mizuri, lakini sakafu ya vigae haisamehi.

Hiyo mipira ina ugonjwa mmoja, na unatibika. Chukua wa sentimita 6 uutazame kwa karibu. Juu una kofia ndogo, ndani ya kofia kuna waya uliokunjwa kama kibanio cha nywele, na kwenye waya huo kumefungwa kitanzi cha uzi. Mtoto anauvuta kwa kitanzi. Miguu miwili ya waya inachomoka, mpira unadondoka na kubingirika chini ya kochi, kofia inabaki mkononi mwake, naye anakutazama akisubiri kugombezwa. Kosa si lake. Siku moja kabla, chomoa kila kofia, tanua miguu ya waya kidogo kwa vidole, paka tone la gundi kwenye ukingo wa shingo, rudisha, subiri ikauke. Kisha mwonyeshe mtoto namna ya kutundika: ncha ya tawi ipite ndani ya kitanzi, kisukumwe ndani kama sentimita tatu, halafu ncha ikunjwe kwenda juu na kurudi nyuma, kama kidole kilichoshika mpini wa kikapu. Mpira uliotundikwa hivyo hautoki hata pangaboi likiwa namba tano.

Mgao wa mipira pia ni bora ufanywe kabla. Familia ya watu watano, kila mmoja apewe 12 kwenye sahani yake, mchanganyiko wa ukubwa wote. Bila hivyo mkubwa anamaliza pakiti, na mdogo anatundika minne yake yote kwenye tawi moja lililo mbele ya pua yake. Kwa kweli hilo la tawi moja litatokea tu. Waachie, isogezwe miwili mitatu wakishalala, na kimyakimya. Chini ya sentimita 80 kusiwe na kulabu za waya, shanga ndogo wala chochote kinachoingia mdomoni kizima. Sehemu hiyo ni ya vitu vya kitambaa: nyota za vipande vya kitenge vilivyojazwa pamba, vitambaa vilivyosukwa, mapambo ya ukili.

Chakula kisitundikwe. Biskuti na pipi huleta sisimizi kufikia asubuhi, na chokoleti kwa joto la Dar ya Desemba haifiki jioni. Pamba ya dukani inayotandazwa kama theluji ni mazoea ya zamani na tunajua inapendwa, ila inashika moto haraka kuliko karibu kila kitu kilichomo humo ndani. Ikibidi, iwe sakafuni mbali na plagi, na pasiwe na mshumaa. Wenye pango la Mtoto Yesu chini ya mti wafikirie vivyo hivyo kuhusu nyasi kavu: nyaya zipite nyuma ya mti, pango likae mbele.

Nyota huja mwisho, na kila nyumba ina mila yake ya nani anaiweka. Udhaifu uko kwenye kile kijiti cha juu, waya mmoja uliovikwa majani, ambao nyota yoyote yenye uzito huuinamisha kufikia siku ya tatu. Chukua kijiti cha mshikaki, kilaze sambamba na kile cha mti, ufunge kwa waya mwembamba sehemu tatu, kisha majani uyafunike juu yake. Nyota ya plastiki yenye tundu la kuchomekea inatosha. Zile za umeme zenye kiboksi cha betri mgongoni ni nzito kwa mti wa aina hii, na kinachoinama mwishowe ni bomba lenyewe.

Kwenye kuhifadhi, boksi la kiwandani limetimiza kazi yake siku ya kwanza. Mti ukishafunguliwa hauingii tena, kadibodi inavuta unyevu, na mende wanaipenda. Shangazi kaja mkubwa, ule mfuko wa mistari wenye zipu, ndiyo nyumba yake sahihi. Kunja matawi kuelekea juu, funga kila kipande kwa mkanda wa kanga kuukuu sehemu mbili, laza la chini kwanza. Mipira ya sentimita 4 hukaa vizuri kwenye trei ya mayai, 30 kwa trei moja. Ya sentimita 6 nayo hukaa humo ukiruka tundu moja moja, 15. Kila uzi wa taa uzungushiwe kadibodi yake, plagi ikiwa nje, ili mwaka ujao uijaribu kabla hujaukunjua.

Bolti za stendi ziingie kwenye kifuko kidogo kilichofungwa kwenye bomba lenyewe, siyo chini ya mfuko. Kisha kata kipande cha selotepu ya karatasi, kibandike juu ya zipu na uandike kinachohitajika: adapta 1, tinseli 2, kofia za mipira 4. Januari maduka bado yana mabaki ya msimu, na muuzaji hataki kuyahifadhi mpaka Novemba.